Kucheza Gemu za Kompyuta kwa Mfumo Endeshi Huria: Mwongozo kwa Wachezaji wa Kigoma

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, na toleo lililofuata, Windows 11, halizipokei rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, wala zile zisizo na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa mkazi wa Kigoma habari hiyo inagusa mfuko moja kwa moja, kwa sababu kompyuta tunazonunua Mwanga au kuagiza Kariakoo ni, kwa sehemu kubwa, zile zilizokwisha kutumika maofisini nje ya nchi: Dell Latitude E7470, HP EliteBook 840 G3, OptiPlex 7040 na nyingine za rika hilo, ambazo huja na prosesa za kizazi cha sita. Ni mashine nzima, na mwenye nayo anapoambiwa atafute nyingine ana haki ya kuuliza kama ipo njia ya pili.

Njia ya pili ipo, nayo ni mfumo endeshi huria kama Linux, yaani programu kuu ya kuendesha kompyuta ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuinakili. Katika mwongozo huu nitatumia Linux Mint, moja ya aina za Linux, kwa sababu ndio ninaouona unamfaa zaidi mtu anayehama kutoka Windows kwa mara ya kwanza, na kwa sababu toleo lake la 22 limeahidiwa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Hata hivyo nataka jambo moja lieleweke kabla ya lolote: uamuzi wa kuhama usianze na mfumo, uanze na orodha ya gemu unazocheza. Mtu anayepuuza hatua hiyo husakinisha mfumo mzuri kabisa, kisha hugundua jioni ileile kwamba gemu aliyoitaka haifunguki wala haitafunguka, na lawama yote huenda kwa Linux.

Jinsi gemu za Windows zinavyoweza kufanya kazi kwenye Linux

Gemu nyingi za kompyuta zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na zinapotaka kufungua faili, kupiga sauti au kuchora picha kwenye skrini huomba huduma hizo kwa namna ya Windows. Mradi wa Wine, ulioanza mwaka 1993, hupokea maombi hayo na kuyatekeleza kwa namna ya Linux, kama mkalimani anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi wasioelewana lugha. Hauigi kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, na ndiyo maana haulemei mashine kama watu wengi wanavyodhani.

Mabadiliko makubwa yalikuja Agosti 2018, pale kampuni ya Valve, yenye duka la gemu la Steam, ilipotoa Proton. Proton ni Wine iliyoboreshwa kwa ajili ya gemu na kuunganishwa na DXVK, programu inayogeuza michoro ya Direct3D, yaani ile ya Windows, kuwa michoro ya Vulkan ambayo kadi za michoro, yaani sehemu za kompyuta zinazochora picha za skrini, huielewa vizuri kwenye Linux. Gemu zinazotumia Direct3D 12 nazo zina mgeuzi wao, VKD3D-Proton. Valve haikufanya hivyo kwa hisani tupu. Ilikuwa na kifaa chake cha mkononi, Steam Deck, kilichoingia sokoni Februari 2022 kikiendeshwa na SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Arch Linux. Kila gemu iliyorekebishwa ili ikubali kwenye Steam Deck ilinufaisha pia kompyuta za kawaida zenye Linux, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni huria, faida yake inamfikia hata mtu wa Ujiji ambaye hajawahi kukiona kifaa chenyewe.

Orodha kwanza

Chukua karatasi uandike gemu zote unazocheza, si zile unazotamani kucheza. Halafu zigawe makundi mawili: zile za kucheza peke yako au na mwenzako kwenye mashine moja, na zile za kushindana na watu kupitia intaneti.

Kundi la kwanza kwa kawaida halina shida. GTA V katika sehemu ya hadithi, The Witcher 3, Elden Ring na Football Manager 2024 zinachezeka kupitia Proton. Euro Truck Simulator 2, ambayo vijana wetu wengi wanaipenda kwa sababu ya mabasi yanayoongezwa humo, ina toleo lake lililotengenezwa kwa ajili ya Linux, na hivyo haihitaji Proton kabisa. Dota 2 na Counter-Strike 2, ingawa ni za mtandaoni, nazo zina matoleo ya Linux kutoka kwa Valve wenyewe.

Kundi la pili ndilo linalohitaji tahadhari. Gemu nyingi za mashindano hubeba programu ya kuzuia udanganyifu inayoingia hadi ndani ya kiini cha Windows, na Proton haiwezi kuipa kiini hicho. Ziko programu za namna hiyo, kama Easy Anti-Cheat na BattlEye, ambazo zina njia ya kukubali Linux, lakini ni lazima mwenye gemu airuhusu, na wapo waliokataa. Fortnite haikubali. Valorant haikubali. League of Legends ilikuwa ikichezeka hadi mwaka 2024 ilipoletewa programu ya Vanguard, na sehemu ya mtandaoni ya GTA V ilifungiwa Linux mwaka huohuo, kama ilivyofungiwa Apex Legends. Gemu za mpira za EA, kuanzia FIFA 23 na kuendelea na EA Sports FC, nazo hazifunguki.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza watu wengi wa hapa. Kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu pale Mwanga aliponiona na flashi ya Linux hakuuliza kuhusu kasi wala usalama, aliuliza, “Kaka, FC inakubali humo?” Nilipomjibu kwamba haikubali, na kwamba wateja wake wakiitaka FC itabidi abaki na Windows kwenye mashine hiyo, alishukuru na kuendelea na kazi yake. Naona hilo ndilo jibu la haki. Siridhiki na kampuni zinazomfungia nje mchezaji aliyelipia gemu yake, hasa pale programu yenyewe ya kuzuia udanganyifu ina uwezo wa kukubali, lakini kuridhika kwangu au kutoridhika hakufungui gemu.

Kwa kila gemu nyingine iliyobaki kwenye karatasi yako, tafuta jina lake kwenye tovuti ya ProtonDB, ambapo wachezaji huandika jinsi gemu ilivyofanya kazi kwenye mashine zao na kuipa daraja, kuanzia platinamu hadi ile isiyofunguka kabisa. Usisome daraja peke yake. Soma maelezo ya watu wenye kadi ya michoro inayofanana na yako.

Kuikagua mashine

Linux haigeuzi kompyuta ya ofisi kuwa mashine ya gemu kubwa. Kinachoamua ni kadi ya michoro, na hasa kama inaielewa Vulkan. Kompyuta za Intel za kizazi cha sita na kuendelea, zenye michoro ya HD 520 au HD 530, zina Vulkan kamili ya kutosha kwa DXVK. Zitacheza gemu za zamani na zile nyepesi bila taabu, na gemu za wastani ukipunguza ubora wa picha. Za kizazi cha nne zina Vulkan pungufu, hivyo baadhi ya gemu zitakataa hadi uziamuru zitumie njia ya zamani ya OpenGL, jambo nitakalolieleza baadaye. Za kizazi cha pili hazina Vulkan, na hizo nazishauri zibaki na gemu huria na gemu za enzi zake.

Kadi za AMD zina draiva zake, yaani programu ndogo za kuziendesha, ndani ya Linux yenyewe, kama ilivyo kwa Intel, na huna haja ya kusakinisha chochote. Za NVIDIA zinahitaji draiva ya kampuni, ambayo Mint itakupatia.

Kuhusu RAM, GB 8 ndicho kiwango ninachokishauri, na kama mashine inatumia michoro ya Intel iliyo ndani ya prosesa, hakikisha RAM hiyo ni vipande viwili vya GB 4 badala ya kipande kimoja cha GB 8. Michoro ya namna hiyo hukopa RAM ya kompyuta, na vipande viwili vinavyosomwa kwa pamoja huipa njia pana zaidi. Katika gemu tofauti yake huonekana waziwazi, ilhali kwa fundi ni kazi ya muda mfupi. Diski iwe SSD, yaani ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka.

Kupakua mfumo na kuandaa flashi

Faili la Linux Mint lina ukubwa wa karibu GB 3, na bando ni gharama. Hapa leseni huria ina maana halisi kwako: unaruhusiwa kisheria kulinakili faili hilo na kumpa mtu yeyote, na yeye ampe mwingine, bila kibali cha mtu. Kwa hiyo kabla ya kupakua, uliza kwanza mafundi wa kompyuta na wanafunzi wa vyuo kama kuna mwenye nalo. Chagua toleo la Cinnamon kwa mashine ya kawaida, au Xfce kwa mashine yenye RAM ya GB 4.

Faili lililopita mikononi mwa watu, na hata ulilopakua mwenyewe kwa intaneti inayokatikakatika, lazima lihakikiwe. Kwenye tovuti ya Linux Mint kuna faili dogo liitwalo sha256sum.txt lenye mfululizo wa herufi na tarakimu kwa kila toleo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri mahali faili lako lilipo, uandike hivi, ukiweka jina halisi la faili:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Mfululizo utakaotokea lazima ulingane na ule wa tovuti herufi kwa herufi. Usipolingana, faili limeharibika au limechezewa, lifute. Sioni sababu ya mtu kuiruka hatua hii.

Chukua flashi ya GB 8 au zaidi ambayo huna kitu cha thamani ndani yake, kwa kuwa itafutwa yote, kisha tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika faili hilo. Kulinakili kwa kuliburuta tu kwenye flashi hakutoshi, na kompyuta haitawaka kutoka kwenye flashi ya namna hiyo.

Kujaribu kabla ya kusakinisha

Zima kompyuta, chomeka flashi, iwashe huku ukigusa kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwasha: F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Tumia nafasi hiyo vizuri. Cheza video usikie sauti, unganisha Wi-Fi, chomeka pedi yako ya gemu. Pedi za PS4 na PS5 zina draiva ndani ya Linux ambayo Sony wenyewe wameichangia, na pedi za bei nafuu zinazojitambulisha kama za Xbox 360 nazo hutambuliwa mara moja.

Kama Wi-Fi haionekani, jambo linalotokea kwa baadhi ya kadi za Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti kupitia waya huo. Linux huipokea simu kama waya wa mtandao wa kawaida, na utaweza kupakua draiva inayokosekana.

Kisha fungua dirisha la amri, yaani Terminal, uandike lspci ukitafuta mstari wenye neno VGA, ili ujue kwa hakika kadi ya michoro uliyo nayo. Maelezo ya muuzaji na yaliyomo ndani ya kasha si lazima yafanane.

Kusakinisha

Nakili kwanza picha, nyaraka na faili za gemu zako kwenye diski ya nje. Kama utabaki na Windows pembeni kwa ajili ya zile gemu zisizokubali, ingia Windows ufanye mambo matatu: angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, na kama imefungwa uhifadhi ufunguo wake wa urejeshaji mahali pengine, zima kipengele kiitwacho Fast Startup, ambacho huiacha diski ya Windows ikiwa haijafungwa sawasawa, na upunguze sehemu ya Windows kwa kutumia Disk Management ili ibaki nafasi tupu. Mint inahitaji GB 20 kwa uchache, lakini kwa mtu wa gemu GB 100 ndio mwanzo wa kuzungumza.

Jambo moja la Dell linastahili kutajwa peke yake. Latitude na OptiPlex nyingi huja zikiwa zimewekwa hali ya diski iitwayo RAID On, na kisakinishi cha Linux kinaweza kusema hakioni diski au kulalamika kuhusu Intel RST. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya awali inayoiwasha kompyuta, na kubadilisha hali hiyo kuwa AHCI. Kama unabaki na Windows, usibadilishe kabla ya kuiamuru Windows iwake kwa hali salama, maana bila hivyo itagoma kuwaka. Ukiiwasha mara moja katika hali salama baada ya kubadilisha, hujirekebisha yenyewe.

Kisakinishi chenyewe kitakuuliza lugha, kibodi, na kama unataka kuiweka Mint kando ya Windows au kufuta diski yote. Kwenye kibodi uwe makini ikiwa mashine yako imetoka Bujumbura au ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, kwa sababu huenda ina kibodi ya Kifaransa, ambayo A na Q zimebadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W. Ukiichagua kama ya Kiingereza, nenosiri utakaloliandika halitakuwa lile unalodhani. Weka pia alama kwenye kisanduku cha kusakinisha vipengele vya sauti na video.

Chagua wakati ambao umeme una uhakika. Laptopu yenye betri nzima haina shida, lakini kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati ya kugawa diski inaweza kukupotezea hata hiyo Windows uliyotaka kubaki nayo. Baada ya kusakinishwa, mfumo wa faili wa ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, na kwa sababu hiyo hustahimili kukatika kwa umeme vizuri kiasi; gemu uliyokuwa ukiicheza bila kuihifadhi itapotea tu kama kawaida.

Draiva, Steam na Proton

Mfumo ukishawaka, fungua Update Manager upakue masasisho, kisha Driver Manager. Mwenye kadi ya NVIDIA achague draiva iliyoandikiwa kwamba inapendekezwa, na kama Secure Boot, ulinzi unaokagua programu wakati kompyuta inawaka, imewashwa, afuate maelekezo ya kuweka nenosiri la muda ambalo ataulizwa kompyuta itakapowaka tena. Akilipuuza swali hilo, draiva haitapakiwa na skrini itarudi kwenye picha za kusuasua.

Halafu fungua Terminal uandike:

sudo apt install vulkan-tools gamemode mangohud

Amri ya vulkaninfo --summary itakuonyesha kama kadi yako inatambuliwa na Vulkan. Ukiona jina la kadi yako, uko tayari. Ukiona jina la llvmpipe pekee, maana yake michoro inachorwa na prosesa, na hakuna gemu ya maana itakayochezeka hadi draiva irekebishwe.

Sakinisha Steam kupitia Software Manager. Utakuta huenda iko kwa namna mbili, ya mfumo na ya Flatpak, yaani ile iliyofungiwa peke yake mbali na mfumo. Chagua ya mfumo, kwa kuwa hiyo haina vizuizi vya ziada unapotaka kutumia diski nyingine. Ingia kwenye akaunti yako, fungua Settings, nenda sehemu ya Compatibility, na kama kuna kitufe cha kuwasha Steam Play kwa gemu zote, kiwashe. Kuanzia hapo gemu ya Windows husakinishwa kwa kubofya, na Steam hujiletea Proton yenyewe.

Ukitaka gemu ipewe kipaumbele cha prosesa, bofya kulia jina lake, fungua Properties, na kwenye nafasi ya Launch Options uandike gamemoderun %command%. Ukitaka kuona idadi ya picha kwa sekunde na joto la mashine, andika mangohud %command%. Kwa laptopu za zamani joto ndilo adui mkubwa, na mchana wa Kigoma hausaidii. Ukiona prosesa inapita nyuzi 90, muone fundi asafishe feni na kubadilisha grisi ya prosesa kabla hujalaumu mfumo wowote.

Wenye michoro ya Intel ya kizazi cha nne, gemu ikikataa kufunguka, waandike mahali hapohapo:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Hiyo ndiyo ile njia ya OpenGL; ni ya polepole kuliko DXVK, lakini kwa gemu za Direct3D 9 inatosha mara nyingi.

Kuokoa bando

Kwa maoni yangu hapa ndipo mchezaji wa Kigoma anapotofautiana na yule anayeandikiwa miongozo mingi ya nje. Mfumo ni bure, gemu nyingine zinauzwa kwa bei ya chini wakati wa punguzo, lakini kupakua gemu ya karibu GB 100 kama GTA V kunaweza kugharimu kuliko gemu yenyewe.

Kwanza, kwenye Settings za Steam fungua Downloads uzime upakuaji wa awali wa shader, yaani programu ndogo za kuchora picha za gemu. Kipengele hicho hupunguza kukwamakwama kwa picha, ila kwenye Linux kinaweza kula data mara kwa mara kwa kila gemu. Ukikizima, gemu itakwama kidogo unapofika mahali papya kwa mara ya kwanza, kisha itatulia. Hapohapo weka saa za masasisho ya gemu, ili yasianze mchana kwa bando la bei kubwa ilhali unalo la usiku.

Pili, tumia majirani. Tangu Februari 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, hata kama moja ni ya Windows na nyingine ya Linux. Rafiki yako akiwa na gemu ambayo nawe unaimiliki, unganisheni kompyuta zenu kwa ruta ileile, washa kipengele hicho pande zote mbili, na gemu itahama bila kugusa intaneti, isipokuwa data kidogo ya kuthibitisha. Kama hamuwezi kukutana na ruta, nakilini folda ya gemu kwenye diski ya nje, muiweke mahali Steam inapohifadhi gemu, kisha bofya Install. Steam itakagua faili zilizopo na kupakua zilizopungua tu.

Tatu, usiziendeshe gemu kutoka kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, unayoitumia pia na Windows. Kubebea faili si tatizo, lakini Proton huhitaji aina ya viungo vya faili ambavyo NTFS na exFAT havivishughulikii sawasawa, na matokeo yake ni gemu inayobonyezwa ikarudi kimya bila ujumbe wowote. Diski ya gemu iwe ya ext4.

Gemu za nje ya Steam

Kwa gemu za maduka ya Epic na GOG, sakinisha programu ya Heroic Games Launcher. GOG ninaipenda kwa sababu huuza gemu zisizo na kufuli la kidijitali, na faili lake la kusakinisha unaweza kulihifadhi kwenye diski yako kwa miaka. Kwa gemu za CD za zamani tumia Lutris, au ongeza faili lake la exe ndani ya Steam kama gemu isiyo ya Steam, kisha kwenye Properties uilazimishe kutumia Proton. Kuhusu gemu zilizovunjwa kufuli zinazozunguka mitaani kwenye flashi, ushauri wangu ni kuziacha: virusi vingi vya kompyuta za hapa huingia kwa mlango huo, na Wine ikiendesha faili la Windows lenye nia mbaya, faili hilo linaweza kufikia nyaraka zako za Linux pia.

Zipo gemu huria zenyewe, ambazo nadhani hazithaminiwi inavyostahili. SuperTuxKart ni ya mashindano ya magari, na watu kadhaa wanaweza kucheza kwenye skrini moja iliyogawanywa. 0 A.D. ni ya kujenga himaya za kale, Battle for Wesnoth ni ya mikakati na hukubali kwenye mashine dhaifu sana, na Luanti, iliyojulikana zamani kama Minetest, ni ya kujenga kwa matofali. Kwa mwenye kibanda zina uzito wa ziada, kwa sababu leseni zake hazimzuii kuzitumia kibiashara, ilhali gemu iliyonunuliwa kwenye akaunti ya kawaida ya Steam imeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. PPSSPP, inayoendesha gemu za PSP na inayojulikana sana kwenye simu za vijana, nayo ni huria na ina toleo la Linux.

Mambo yanayosumbua baadaye

Mwenye mifumo miwili ataona saa ya Windows iko nyuma kwa saa tatu kila anapotoka Linux: ni saa mbili usiku, Windows inasema saa kumi na moja jioni. Kompyuta haijaharibika wala betri ya BIOS haijafa. Linux huihifadhi saa ya mashine kwa wakati wa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kama wakati wa hapa, na Tanzania iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukiwa ndani ya Linux andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Washa programu ya Timeshift siku ya kwanza, iwe inachukua nakala ya mfumo kila wiki na kubakiza mbili au tatu. Sasisho likiharibu draiva, utarudi kwenye nakala ya juma lililopita bila kupakua chochote. Fahamu tu kwamba Timeshift kwa kawaida hailindi faili zako binafsi. Hizo zinahitaji diski ya nje.

Gemu iliyokuwa ikifunguka ikianza kukataa, usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Fungua Properties zake, sehemu ya Compatibility, ujaribu toleo la Proton lililotangulia, kisha Proton Experimental. Ikigoma bado, sakinisha ProtonUp-Qt na kupitia hiyo upakue GE-Proton, toleo linalotunzwa na mtu wa kujitolea na lenye marekebisho ambayo Valve haijayaingiza, hasa ya video za katikati ya gemu. Zote zikishindwa, weka PROTON_LOG=1 %command% kwenye Launch Options, ifungue gemu mara moja, na faili lenye jina linaloanzia na steam- na kuishia na .log litatokea kwenye folda yako ya nyumbani. Soma mistari yake ya mwisho, utafute maneno ya kosa hilo kwenye ProtonDB chini ya jina la gemu, na ukipata suluhisho ambalo halijaandikwa hapo, liandike pamoja na aina ya kompyuta yako, kwa kuwa wenye E7470 na 840 G3 ni wengi kuliko wanaoandika.